John Coltrane: Aliyerudi Kushukuru



Leo sikuletei mtakatifu. Nakuletea mpiga saksafoni, tena hakuwa Mkatoliki. John Coltrane alizaliwa mwaka 1926 huko North Carolina, Marekani. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa Kimethodisti. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 12. Alipokuwa mkubwa akawa fundi wa jazi, na kama wanamuziki wengi wa enzi zake akanaswa na unga, juu yake pombe.

Mwaka 1957 Miles Davis, kiongozi wa bendi yake, alimfukuza. Coltrane akarudi nyumbani Philadelphia, akaamua kuacha vyote kwa mpigo, mke wake na mama yake wakiwa upande wake. Arosto si mchezo, jamani! Lakini alivuka. Mwaka huohuo alikuwa New York akipiga na Thelonious Monk.

Desemba 1964 akarekodi A Love Supreme. Kwenye jalada aliweka barua kwa msikilizaji, akisimulia kwamba mwaka 1957 Mungu alimwamsha kiroho. Wimbo wa mwisho ni sala aliyoitunga mwenyewe. Haimbi, anaisali kwa saksafoni. Alifariki Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40.

Kilichonishika mimi ni kitu kimoja kwenye barua ile. Anakiri kwamba baada ya kuamshwa aliyumba tena, akaiacha njia kwa muda, na Mungu hakumwacha. Angeweza kuficha. Hakuficha.

Nina rafiki niliyeimba naye kwaya ya watoto parokiani. Ameacha unga mara mbili, amerudia mara mbili. Likizo iliyopita alinipungia mkono kituoni, nikajifanya naongea na simu. Mimi, mseminari! Moyoni nilishaamua kwamba neema ikishaharibiwa hairudi.

Katika Luka 17 wanaponywa wakoma kumi, anarudi mmoja tu kushukuru, naye ni Msamaria, mtu wa nje. Coltrane alichukua miaka saba kurudi na shukrani zake. Rafiki yangu ana muda gani? Sijui. Najua tu kwamba si mimi wa kumfungia mlango.

Likizo hii nitamtafuta kituoni. Mwombee, nami niombee nisigeukie simu tena.