Károly Takács: Mlenga shabaha aliyejifunza upya kwa mkono wa kushoto

Mwanzoni mwa mwaka 1939, baada ya baridi kali kupita, walenga shabaha wa bastola nchini Hungaria walikusanyika kugombea ubingwa wa taifa lao. Walipomwona Károly Takács akiingia uwanjani, wenzake walimfuata kumpa pole. Wote walijua yaliyompata. Mwaka uliotangulia, guruneti lilikuwa limemlipukia mazoezini na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono uleule uliompatia sifa. Walimshukuru kwa moyo wake wa kuja kuwatazama.

Takács aliwajibu kwamba hakuja kutazama. Alikuja kushindana nao.

Siku hiyo alishika bastola kwa mkono wa kushoto, na mashindano yalipomalizika yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa Hungaria. Waliompa pole walibaki wameduwaa.

Kati ya kitanda cha hospitali na ubingwa huo ilipita miezi michache tu ambayo mwanajeshi huyo aliificha kwa kila mtu. Ndani ya miezi hiyo, mmoja wa walenga shabaha bora duniani alikubali kurudi kuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Fundi aliyekosa cheo

Takács alizaliwa tarehe 21 Januari 1910 mjini Budapest, wakati Hungaria ikiwa bado sehemu ya dola ya Austria-Hungaria. Aliingia jeshini, na ilipofika katikati ya miaka ya 1930 alikuwa tayari anahesabiwa miongoni mwa walenga shabaha wa bastola wa kiwango cha juu duniani.

Mwaka 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, Ujerumani. Kwa uwezo wake, Takács alistahili kwenda. Lakini alikuwa sajini, na utaratibu wa Hungaria wakati ule uliruhusu maofisa wenye kamisheni pekee kuiwakilisha nchi katika mchezo huo. Shabaha haiulizi cheo cha anayeilenga, ila viongozi waliuliza, na sajini akabaki nyumbani.

Baada ya michezo hiyo sharti hilo liliondolewa. Olimpiki iliyofuata ilikuwa imepangiwa Tokyo, Japani, mwaka 1940. Takács angekuwa na umri wa miaka 30, na safari hii hakuna ambaye angemzuia kwa sababu ya cheo. Alianza kujiandaa.

Ndipo mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, guruneti bovu lilipolipuka mkononi mwake. Mkono wa kulia uliharibika vibaya kiasi cha kutofaa tena kwa bastola. Alilazwa hospitali kwa muda wa mwezi mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Bastola na milimita moja

Ili kuelewa kazi iliyomkabili Takács alipotoka hospitali, ni lazima kwanza kuelewa kwa nini bastola humtesa anayeanza kujifunza.

Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili na kitako chake huegemezwa begani. Bastola ya mashindano haya hushikwa kwa mkono mmoja tu, ukiwa umenyooshwa mbele ya mwili bila kuegemea popote. Kila mtetemo wa bega, kila pumzi na kila mshtuko wa vidole hufika kwenye mdomo wa silaha.

Tena bastola ni fupi. Kati ya mwanya wa kulengea ulio nyuma na alama ya kulengea iliyo mbele kuna nafasi ya takriban sentimita 20. Ikiwa alama ya mbele itapotoka kwa milimita moja tu ndani ya mwanya huo, risasi itakayokwenda umbali wa mita 25 itapotea kwa zaidi ya sentimita 12. Kosa lisiloonekana kwa urahisi mkononi huwa kosa la upana wa kiganja kwenye shabaha.

Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la mlenga shabaha humshangaza kila mwanafunzi. Jicho halitakiwi kuikodolea shabaha. Linatakiwa kutulia kwenye alama ya mbele ya bastola, alama hiyo ionekane wazi, na shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Binadamu hawezi kuona vizuri kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja, na anayechagua kuitazama shabaha hupoteza ile milimita moja bila kujua.

Somo la pili ni la kidole. Anayeanza hungoja mpaka alama zikae sawasawa, kisha hukivuta kifyatulio kwa ghafla kabla hazijahama. Mvuto huo wa ghafla ndio unaozihamisha. Kidole hutakiwa kubonyeza polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, huku vidole vingine vikibaki vilivyo, vikiwa vimeishika bastola kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho.

Somo la tatu ni gumu kuliko yote, kwa kuwa linahusu hofu. Mwili hujua kwamba mlio na teke la silaha vinakuja, hivyo hujikaza muda mfupi tu kabla. Kifundo cha mkono huinama, na risasi huenda chini ya shabaha. Dawa yake ni kurudia kitendo kilekile mara nyingi kwa silaha isiyo na risasi, mpaka mwili uache kutarajia kishindo. Baada ya kufyatua, mlenga shabaha hubaki katika mkao uleule kwa kitambo, jicho likiwa bado kwenye alama ya mbele, kana kwamba risasi haijatoka.

Masomo yote hayo Takács aliyajua. Jicho lake liliyajua, na akili yake iliyajua. Mkono wa kushoto ndio haukuyajua hata moja. Ulikuwa mkono wa msaidizi, wa kushika karatasi wakati ule wa kulia unaandika. Misuli yake haikuzoea kubeba uzito wa bastola ukiwa umenyooshwa, na kidole chake hakijawahi kubonyeza kwa utulivu. Mtu aliyezoea mkono wa kulia mara nyingi huwa pia na jicho la kulia lenye nguvu zaidi, hivyo anapohamia kushoto hulazimika kubadili hata namna ya kuweka kichwa.

Kwa fundi, kazi hiyo ina uchungu ambao anayeanza kabisa haujui. Anayeanza akikosa, hajui ni kwa nini. Fundi akikosa, anajua hasa ni kosa gani limetendeka, na bado mkono haumtii.

Takács alijifunza kwa siri. Hakuwatangazia wenzake kwamba anajaribu, wala hakuwaomba wamwonee huruma. Mkono ulipokuwa tayari, ndipo alipojitokeza kwenye ubingwa wa taifa wa mwaka 1939 na kuutwaa. Mwaka huohuo alikuwemo katika timu ya Hungaria iliyoshinda ubingwa wa dunia wa bastola za kufyatua kwa haraka.

Vita vyala miaka

Wengine wangesema sasa njia ya Olimpiki imefunguka tena. Lakini Septemba 1939 Vita vya Pili vya Dunia vilianza Ulaya. Michezo ya 1940, ambayo tayari ilikuwa imehamishwa kutoka Tokyo kwenda Helsinki, ilifutwa. Michezo ya 1944 nayo ilifutwa. Budapest, mji alikozaliwa, ulizingirwa na kubomolewa katika mapigano ya mwisho wa 1944 na mwanzo wa 1945.

Mwanamichezo huwa na miaka yake. Takács alinyimwa ya kwanza na cheo, ya pili na guruneti, ya tatu na vita. Olimpiki iliporejea mwaka 1948 mjini London, alikuwa na umri wa miaka 38, na miaka kumi ilikuwa imepita tangu mkono wa kulia umtoke.

Sekunde nne, risasi tano

Mashindano ya kulenga shabaha ya mwaka huo yalifanyika Bisley, nje ya London. Takács aliingia katika mchezo wa bastola ya kufyatua kwa haraka kutoka mita 25. Umbali huo ni kama wa mpira wa faulo unaopigwa mita kadhaa nje ya boksi la penalti, lakini hapa mpigaji hana muda wa kupanga hatua.

Mchezaji husimama mkono ukiwa umeelekezwa chini. Mbele yake kuna shabaha tano zilizopangwa kwa mstari. Zinapomgeukia, huinua mkono na kufyatua risasi tano, moja kwa kila shabaha. Kwanza hupewa sekunde 8, kisha sekunde 6, mwishowe sekunde 4. Katika zile sekunde 4, muda wa kila risasi haufiki sekunde nzima, na humo humo mkono unatakiwa kupanda, kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine na kutulia kila mara. Jumla ni risasi 60, na alama za juu kabisa ni 600.

Aliyetazamiwa kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia. Inasimuliwa kwamba Muargentina huyo alimuuliza Takács amefuata nini London, naye akajibu kwa upole kwamba amekuja kujifunza.

Takács alipata alama 580, rekodi mpya ya dunia. Katika risasi 60 alipoteza alama 20 tu, yaani wastani wa alama moja kwa kila risasi tatu. Díaz Sáenz Valiente alishika nafasi ya pili kwa alama 571. Wanaosimulia kisa hicho huongeza kwamba wakati wa kupokea medali, bingwa wa dunia alimwambia Takács kuwa sasa amejifunza vya kutosha.

Jibu la Takács huchukuliwa kama mzaha. Hata hivyo, kwa mtu aliyelazimika kuufundisha mkono wake jambo moja baada ya jingine, kujifunza ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka kumi.

Mwalimu na mwanafunzi jukwaani

Miaka minne baadaye, mwaka 1952, Olimpiki ilifanyika Helsinki, Ufini. Takács alikuwa na miaka 42. Wapo walioweza kudhani kwamba London ilikuwa bahati. Alishinda tena, kwa alama 579, na kuwa mtu wa kwanza kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki katika mchezo huo wa bastola ya kufyatua kwa haraka.

Aliyemfuata alikuwa na alama 578, pungufu ya moja tu. Huyo alikuwa Szilárd Kun, kijana wa Hungaria mwenye umri wa miaka 17, ambaye Takács mwenyewe alimfundisha. Mwalimu na mwanafunzi wake walisimama pamoja kwenye jukwaa la washindi, na kilichowatenga kilikuwa ni alama moja.

Kun alikuwa na bahati ya kufundishwa na mtu aliyeupitia mwanzo mara mbili. Fundi wengi hushindwa kufundisha kwa sababu wamesahau jinsi ilivyokuwa kutojua. Mikono yao inatenda bila wao kufikiri, na mwanafunzi akiuliza, hawana maneno ya kumweleza. Takács hakuweza kusahau. Kila kitu ambacho mkono wake wa kushoto ulikifahamu, aliutia yeye mwenyewe akiwa mtu mzima.

Alirudi Olimpiki mara ya tatu mwaka 1956 huko Melbourne, Australia, wiki chache baada ya maasi ya Hungaria kuzimwa na majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Alikuwa na umri wa miaka 46 na alimaliza katika nafasi ya nane. Nyumbani kwao alihesabiwa ubingwa wa taifa mara 35. Jeshini, yule sajini aliyeambiwa cheo chake hakitoshi kwenda Berlin alipanda hadi kuwa luteni kanali.

Takács alifariki dunia mjini Budapest tarehe 5 Januari 1976, siku chache kabla ya kutimiza miaka 66. Hakuwa mlemavu wa kwanza kung'ara Olimpiki. Mwaka 1904 Mmarekani George Eyser alishinda sarakasi za viungo akiwa na mguu wa bandia, na Mhungaria mwenzake Olivér Halassy, aliyekatwa mguu chini ya goti, alitwaa dhahabu za mpira wa majini mwaka 1932 na 1936. Lakini Halassy na Eyser walijifunza michezo yao na kuipanda ngazi kwa mwili waliokuwa nao. Takács alifika juu kwa mkono mmoja, akaupoteza, akashuka hadi chini kabisa, kisha akapanda tena kwa mkono mwingine.

Kwa anayeshika bastola ya michezo kwa mara ya kwanza leo, katika uwanja wenye leseni na mwalimu pembeni, yanayotakiwa ni yaleyale yaliyotakiwa kwa sajini yule mwaka 1938. Jicho litulie kwenye alama ya mbele. Kidole kisiwe na haraka. Mkono urudie, na urudie tena, bila kuona aibu kwamba leo haujui. Takács alikuwa na kila sababu ya kuona aibu hiyo, kwa kuwa kabla ya kulazwa alikuwa mlenga shabaha wa kiwango cha juu. Aliiweka kando, akajifungia na mkono wake wa kushoto, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mashindano.