Gregory: kutoka Bonde la Ufa hadi vilindi vya bahari

Mkazi wa Kabiria akielekeza macho upande wa Ngong huona vilima vile vya samawati. Ng'ambo yake ardhi yashuka ghafla: ndilo Bonde la Ufa, ambalo jina lake lilienezwa na John Walter Gregory, bingwa wa elimu ya miamba.

Alizaliwa London mwaka 1864. Akiwa kijana alifanya kazi katika biashara ya sufu, huku akisoma jioni. Mwaka 1893 alitembea kutoka pwani hadi Baringo na mlima Kenya pamoja na wapagazi wapatao 40, ambao majina yao ni nani ayajuaye leo? Alishikilia kwamba bonde halikuchimbwa na maji, bali ardhi ilizama baina ya nyufa.

Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilitokea baharini kusini ya Newfoundland. Nyaya 12 za simu zilikatika; mawimbi makubwa yakaua watu 28. Gregory, mzee aliyekwisha staafu uprofesa huko Glasgow, aliandika habari zake mwaka ule ule, na tena 1931. Lakini mbona nyaya nyingine zilikatika saa nyingi baadaye, moja baada ya moja?

Jibu lilitolewa mwaka 1952 na Heezen na Ewing wa Marekani. Tope lililorundikana kwenye mteremko lilitikiswa, likaporomoka, likachanganyika na maji na kuteremka kwa kasi ya kutisha, likikata kila waya uliokuwa njiani. Poromoko hilo ndilo lililoyasukuma mawimbi pia.

Gregory hakuyasikia hayo. Juni 1932 mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, Peru, akafa maji.