Humphrey Bogart: stelingi aliyembwaga Brando, na mzinga wa Rufiji nyuma ya muvi yake

Haya wadau, msimu wa tuzo za Oscar ukifika ubishi huwa ni ule ule. Nani kateuliwa, nani kaachwa kwa makusudi, nani atabeba. Mmoja anasema dogo fulani kafunika, mwingine anasema hapana, safari hii ni zamu ya mzee. Basi leo tumkumbuke marehemu mmoja ambaye maisha yake ni darasa tosha kwa yeyote anayependa kutabiri washindi. Na kwa watu wa Kibiti na Rufiji kuna la ziada, maana muvi iliyompa tuzo yake pekee ina undugu na maji yetu na mzinga uliotoka kwenye delta yetu.

Jina lake ni Humphrey DeForest Bogart.

MTOTO WA KISHUA

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, siku ya Krismasi. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, mama yake Maud Humphrey alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa. Kwa hiyo usidanganyike na zile sura za jambazi kwenye muvi zake, huyu hakuwa mtoto wa mtaani hata kidogo. Walimpeleka Phillips Academy, shule ya watoto wa wenye nazo, na mwaka 1918 akatimuliwa. Akaingia jeshi la majini la Marekani wakati Vita ya Kwanza ya Dunia inaelekea ukingoni.

Miaka ya 1920 akajikuta kwenye michezo ya jukwaani, akipewa vinafasi vya vijana wa kishua wasio na kazi. Mambo yalibadilika mwaka 1935 alipoigiza jambazi Duke Mantee katika mchezo wa The Petrified Forest. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuufanya muvi, ilitaka nafasi hiyo apewe Edward G. Robinson, ambaye tayari alikuwa staa. Leslie Howard, stelingi wa mchezo huo, akakataa katakata: bila Bogart na yeye hayumo. Muvi ikatoka 1936 na Bogart yumo ndani. Fadhila hiyo hakuisahau. Binti yake alipozaliwa mwaka 1952 alimpa jina la Leslie.

Lakini msidhani baada ya hapo mambo yakawa tambarare. Kwa miaka mitano hivi Bogart alikuwa adui wa kudumu, yule anayepigwa risasi kabla muvi haijaisha ili James Cagney au Robinson wang'ae. Bahati yake ilikuja kwa kukataa kwa mtu mwingine. Staa George Raft alikataa kuigiza High Sierra, kisha akakataa The Maltese Falcon, na zote mbili zikaangukia kwa Bogart mwaka 1941. Ndo kwanza akawa stelingi, akiwa na miaka 41.

AKOSA MARA YA KWANZA, AACHWA MARA YA PILI

Mwaka 1942 ikatoka Casablanca. Bogart ni Rick, mwenye baa anayejifanya hajali vita wala siasa, mpaka mwanamke aliyempenda anapoingia mlangoni. Sherehe za Oscar za Machi 1944 zilipofika, Casablanca ikabeba muvi bora na Bogart alikuwa ameteuliwa kuwania mwigizaji bora wa kiume. Akashinda Paul Lukas, kwa muvi ya Watch on the Rhine. Leo Casablanca inajulikana dunia nzima, ile nyingine inabidi uitafute kwa tochi.

Mwaka 1948 akatoka na The Treasure of the Sierra Madre, mtafuta dhahabu anayeliwa na tamaa mpaka akili inaruka. Wachambuzi wengi wanaihesabu kati ya kazi zake bora kabisa. Mwongozaji John Huston akabeba Oscar mbili, baba yake Walter Huston akabeba ya mwigizaji msaidizi. Bogart? Hakuteuliwa kabisa, hata jina halikutajwa.

Mwenyewe alikuwa anazibeza tuzo. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kulinganisha watu waliocheza nafasi tofauti. Kama mnataka haki, wapeni wote wacheze Hamlet halafu ndo mhukumu. Fikiria mwenyewe, hoja hiyo mpaka leo hakuna aliyeipangua.

MZINGA KUTOKA DELTA

Sasa tuje nyumbani. Watu wa Salale na vijiji vya delta wanaijua habari ya manowari ya Wajerumani, Königsberg. Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji. Waingereza walihangaika nayo miezi. Mwisho wakaleta meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 kazi ikaisha. Wajerumani wakaimalizia wenyewe wakaizamisha matopeni. Siku hiyo Bogart alikuwa kijana wa miaka 15 huko New York.

Lakini mizinga yake 10 haikubaki kwenye matope. Iliopolewa, ikakokotwa na watu kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, ikatengenezwa na kutawanywa kwenye vita. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine ulipanda reli ya kati mpaka Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, iliyokuwa inatamba Ziwa Tanganyika. Ndio hiyo hiyo ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Vita ya ziwa lile ndiyo iliyompa wazo mwandishi Mwingereza C. S. Forester, akaandika riwaya The African Queen mwaka 1935. Humo mna fundi mlevi mwenye boti bovu na dada wa mmisionari, wanateremka mto wenye maporomoko ili wakailipue meli ya Wajerumani ziwani. Na mto huo Forester aliuita Ulanga! Watu wa Rufiji hapa mtacheka. Ulanga wa kweli uko bonde la Kilombero, na maji yake hayaendi ziwani, yanakuja kwetu Rufiji mpaka kwenye delta. Mwandishi aliugeuza mto akaupeleka alikotaka yeye.

Mwaka 1951 John Huston akaichukua hadithi hiyo na kumpa Bogart nafasi ya fundi, Charlie Allnut, na Katharine Hepburn nafasi ya dada. Hawakuja Tanganyika. Walipiga picha Kongo ya Wabelgiji na Uganda, upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine studio Uingereza. Boti ilizama ikabidi iibuliwe. Karibu kila mtu aliugua tumbo kwa maji, isipokuwa Bogart na Huston, ambao inasimuliwa kwamba maji walikuwa hawayagusi, ni wiski tu. Mkewe Lauren Bacall, aliyemwoa 1945 ikiwa ndoa yake ya nne, alikuwepo huko porini akisaidia kupika.

UBISHI WA 1952

Muvi iliharakishwa ikaonyeshwa Los Angeles siku za mwisho za Desemba 1951 ili iwahi mashindano. Ikateuliwa mara nne: Bogart, Hepburn, Huston kwa uongozaji, na uandishi. Kwenye muvi bora haikuwemo.

Sasa tazama orodha ya wanaume uone ugumu wa kutabiri. Yupo Marlon Brando, miaka 27, na A Streetcar Named Desire, uigizaji ambao watu walikuwa hawajawahi kuuona, jasho, hasira na maneno ya kumung'unya. Yupo Montgomery Clift na A Place in the Sun. Yupo Fredric March, ambaye alishabeba Golden Globe kwa Death of a Salesman. Yupo Arthur Kennedy, ambaye wachambuzi wa New York walishampa tuzo yao kwa Bright Victory. Na yupo Bogart, miaka 52, anacheza mlevi mchafu mwenye moyo mwema.

Wengi walimpa Brando. Na usiku ule wa tarehe 20 Machi 1952, Streetcar ilikuwa inabeba kweli: Vivien Leigh akashinda, Karl Malden akashinda, Kim Hunter akashinda. Tuzo tatu za uigizaji kati ya nne kwa muvi moja. Ikabaki ya nne. Greer Garson akafungua bahasha, akasoma jina la Bogart.

Yule mtu wa kuzibeza tuzo akapanda jukwaani kwa unyenyekevu, akawashukuru Huston na Hepburn. Muvi bora nayo ikawapiga chenga watabiri, ikaenda kwa An American in Paris.

Je, alistahili? Hapa ndo kijiwe huwa kinagawanyika. Ukiangalia uigizaji peke yake, Brando alibadilisha kazi nzima, kila kijana aliyekuja baada yake ameiba kitu kwake. Lakini wapiga kura wa Oscar ni watu wa fani ile ile. Wanajuana, wana kumbukumbu, wana madeni moyoni. Walimwona Bogart akifa kwa risasi miaka ya 1930, akikosa na Casablanca, akiachwa na Sierra Madre. Mtazamo wangu ni kwamba mwaka ule hawakuipigia kura muvi moja, waliipigia kura safari nzima. Kwa hiyo mdau ukitaka kutabiri vizuri, usiulize tu nani kafanya vizuri mwaka huu. Uliza pia nani kasubirishwa sana.

Na deni la Brando nalo likalipwa. Machi 1955 Bogart aliteuliwa kwa mara ya tatu na ya mwisho, kwa nafasi ya nahodha aliyepagawa katika The Caine Mutiny. Nani akambwaga? Brando, na On the Waterfront. Ngoma droo.

Bogart alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia. Muvi yake ya mwisho, The Harder They Fall, ilitoka 1956, na saratani ya umio ikamchukua tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Aliacha mke na watoto wawili wadogo. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimtaja kuwa nyota namba moja wa kiume wa sinema ya zamani ya nchi hiyo.

AMBAO HAWAPO KWENYE ORODHA

Lakini kuna jambo ubishi wa Oscar huwa unalificha. Bogart aliachwa mara moja tukamsikitikia. Vipi wale ambao hawawezi hata kuachwa, kwa sababu hawajawahi kufikiriwa? Muvi ile inaanza na kijiji cha Waafrika kinachochomwa moto na wanaume kubebwa mzobemzobe kwenda vitani. Dakika chache tu, halafu wanatoweka, inabaki hadithi ya Wazungu wawili kwenye boti. Katika vita yenyewe wapagazi walikufa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo linatokana na jeshi hilo la wapagazi. Waliokokota ile mizinga kutoka delta mpaka Dar ni babu zetu, na hakuna muvi inayowataja.

Mlango wa Oscar siku hizi haujafungwa kabisa kwa upande huu. Lupita Nyong'o wa Kenya alibeba ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, ikakaa kimya zaidi ya miaka 20, ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Zote hazikufika tano bora, ila angalau zilikuwa kwenye mlolongo. Usipopeleka kitu hauna hata haki ya kulalamika kwamba umeachwa.

Hadithi ya delta ipo, na Forester aliyeikosea hata njia ya mto bado aliitengenezea jina. Kijana wa Kibiti anayejua maji ya Rufiji yanaelekea wapi hatashindwa kuandika iliyo sahihi, yenye wapagazi ndani, nao wana majina.

Haya, kazi kwenu wadau. 1952 kura yako ungempa nani, Brando au Bogart? Na nafasi ya yule mpagazi wa mzinga, kati ya waigizaji wetu nani anaiweza? Mwageni maoni, ila matusi hapana.