Jicho Alilolilinda Nelson

Admirali Horatio Nelson wa Uingereza alizaliwa mwaka 1758, akajiunga na jeshi la wanamaji akiwa na umri wa miaka 12. Mwezi Julai 1794, katika kuuzingira mji wa Calvi kisiwani Corsica, kombora la mzinga wa adui lilipiga karibu naye. Lenyewe halikumgusa, kilichomdhuru ni mchanga na vijiwe vilivyomrukia usoni. Leo majeshi mengi huwapa askari wao miwani ya kinga dhidi ya vitu vya namna hiyo. Zama zile haikuwapo. Jicho la kulia likapotewa na nuru, ingawa kwa kulitazama lilifanana na zima, jambo lililomtatiza alipodai haki yake ya majeruhi.

Wengi humdhania alivaa kitambaa cheusi jichoni. La hasha! Alichovaa ni kikinga-jua cha kijani, kilichounganishwa na kofia yake, kulihifadhi jicho la kushoto na mwanga mkali wa bahari.

Mwaka 1797 alipoteza mkono wa kulia huko Tenerife. Aliuawa kwa risasi Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Kofia yake moja, pamoja na kikinga-jua chake, ingali imehifadhiwa Westminster Abbey, London.