Maisha ya Sir William Huggins, Aliyechambua Nuru ya Mbinguni

Muhula uliopita palitokea mabishano makali katika Chama chetu cha Sayansi. Wanafunzi wa zamani walikuwa wametuletea darubini ndogo pamoja na kamera ya rangi, nasi tukachanga fedha za kununua kichujio cha kupigia picha yale mawingu ya mbinguni yaitwayo nebula. Tungeweza kununua kimoja tu, na tukikosea, hapana fedha za kununua cha pili. Wengine walitaka kile cha bei kubwa kuliko vyote, wengine kile cha bei nafuu, na wengine walisema kichujio ni anasa tu. Mimi nikaona heri kwanza nimsome mtu yule aliyewaonyesha walimwengu kwamba nebula hutoa nuru ya namna gani. Mtu huyo ni Sir William Huggins. Haya ndiyo maisha yake, na mwishoni nitawaeleza tuliamua nini.

Huggins alizaliwa mjini London, Uingereza, tarehe 7 Februari, 1824. Baba yake alikuwa mwuza hariri na vitambaa. Kijana William alisoma kwa muda katika City of London School, kisha akafundishwa nyumbani na walimu. Alitumaini kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini duka la baba yake lilihitaji mtu wa kulisimamia. Basi akaliacha tumaini lile, akashika kazi ya duka mchana, na usiku akasoma sayansi peke yake. Hakupata kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hata siku moja. Jambo hili wenzangu waliokosa nafasi ya kuendelea na masomo walikumbuke.

Mwaka 1854 aliuza biashara ile, akahamia Tulse Hill, kusini ya London, pamoja na wazazi wake. Mwaka 1856 alijenga nyumba ya kutazamia nyota nyumbani kwake, na mwaka 1858 akanunua lenzi ya upana wa inchi 8 kutoka kwa mchungaji mmoja mpenda nyota, William Dawes. Lenzi hiyo ilisuguliwa na fundi mashuhuri wa Marekani, Alvan Clark, na Huggins aliilipia pauni 200, fedha nyingi sana kwa siku zile. Kwa muda akafanya kama walivyofanya wengine: akazitazama sayari na kuchora aliyoyaona. Lakini hakuridhika. Alitafuta kazi ambayo bado haijafanywa na mtu.

Kazi hiyo ilitoka Ujerumani. Mnamo mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen walivumbua siri kubwa. Nuru ikipitishwa katika ufa mwembamba, kisha katika kioo cha pembe tatu, hutawanyika ikawa rangi kama za upinde wa mvua. Gesi ikiwaka haitoi rangi zote, bali hutoa mistari michache tu, na kila elementi ina mistari yake yenyewe, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Haidrojeni haiwezi kujifanya chuma, wala chuma hakiwezi kujifanya sodiamu. Huggins aliposikia habari hizi alifurahi kama mtu mwenye kiu aliyeona chemchemi. Jirani yake, William Allen Miller, alikuwa profesa wa kemia katika King's College, London. Mwaka 1862 wakaanza kufanya kazi pamoja. Wakafunga spektroskopu, yaani chombo cha kutawanyia nuru, nyuma ya darubini. Nyumba ya nyota ikageuka maabara: hapa betri zenye harufu kali, pale koili za umeme, na huku rafu zimejaa chupa za kemikali. Wakazilinganisha nyota na elementi za duniani, wakaona kwamba nyota zimeumbwa kwa vitu vile vile tunavyovikanyaga.

Hata hivyo palikuwa na fumbo moja lililowashinda wataalamu wote, nalo ni nebula. Je, ni kundi la nyota zilizo mbali sana hata zikaonekana kama ukungu, au ni ukungu wa kweli? Darubini kubwa ya Lord Rosse huko Ireland ilikuwa imeonyesha nyota ndani ya baadhi ya madoa hayo, na watu wengi wakaamini kwamba darubini zikizidi kuwa kubwa, nebula zote zitaonekana kuwa nyota.

Usiku wa tarehe 29 Agosti, 1864, Huggins aliielekeza darubini yake kwenye nebula ndogo katika kundi la nyota la Draco, yaani Joka. Siku hizi huitwa NGC 6543. Alitazama ndani ya spektroskopu, akashangaa. Hakuona upinde wa mvua. Aliona mstari mmoja tu wenye kung'aa! Kwanza alidhani chombo kimeharibika. Alipochunguza vizuri akaona mistari mingine miwili hafifu karibu na ule wa kwanza. Fumbo likafumbuliwa usiku ule ule: nuru ya mistari ni nuru ya gesi. Nebula ile haikuwa kundi la nyota, na hata darubini kubwa namna gani isingeweza kuigeuza kuwa nyota.

Huggins hakuishia hapo. Alichunguza nebula nyingi, akaona kwamba karibu theluthi moja zilitoa mistari, kama ile nebula kubwa ya Orion, ambayo sisi tukaao karibu na ikweta huiona juu kabisa vichwani mwetu. Zilizobaki, kama ile ya Andromeda, zilitoa mkanda mzima wa rangi, kama nyota zinavyofanya. Kwa hiyo madoa mawili yanayofanana machoni yalikuwa vitu viwili mbalimbali kabisa. Wasomaji, shikeni neno hili, maana kwalo mabishano yetu yalikwisha.

Tusidhani kwamba mtu huyu hakukosea. Mmoja wa mistari ile mitatu ulikuwa wa haidrojeni, lakini ule wenye nguvu kuliko yote, wa rangi ya kijani, ulimsumbua. Kwanza aliudhania kuwa wa naitrojeni. Baadaye ilionekana kwamba haulingani na elementi yo yote inayojulikana, na wataalamu wakabuni jina la elementi mpya, nebuliamu. Elementi hiyo haipo. Mwaka 1927, miaka 17 baada ya Huggins kufa, Mmarekani Ira Bowen alieleza kwamba mstari ule ni wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyepesi mno kuliko iwezavyo kufanywa katika maabara za duniani. Hewa ile ile tuivutayo ilikuwa imewadanganya wataalamu kwa miaka zaidi ya 60!

Sasa sikieni habari za vioo vya rangi. Kandokando ya jua kuna ndimi za gesi nyekundu ambazo siku zile zilionekana tu wakati wa kupatwa kwa jua. Huggins alitaka kuziona siku yo yote. Alijaribu vioo na maji ya rangi, akitumaini kuzuia mwanga mwingine wote na kupitisha ule wekundu peke yake. Lakini wapi! Vioo vya siku zile vilipitisha mkanda mpana mno, na mwanga wa anga ukazifunika zile ndimi. Mwaka 1868 Janssen wa Ufaransa na Lockyer wa Uingereza wakamtangulia: waliiona mistari ya ndimi hizo kwa spektroskopu bila jua kupatwa. Huggins hakununa. Mnamo Februari 1869 alipanua ufa wa spektroskopu yake, akaongeza kioo chekundu sana, na badala ya mstari mtupu akauona ulimi wenyewe, umbo lake zima. Siri ilikuwa hii: kutumia mwanga wa haidrojeni na kuukataa mwanga mwingine. Ndiyo kazi ya vichujio vya ukanda mwembamba hata leo.

Mwaka 1868 pia alijaribu kupima mwendo wa nyota ya Sirius kwa kuangalia jinsi mstari wake ulivyosogea. Hesabu aliyoipata haikuwa sahihi, lakini njia yake ilikuwa sahihi, na wataalamu huitumia hata sasa.

Mwaka 1875 alimwoa Margaret Lindsay Murray wa Dublin, aliyekuwa na umri wa miaka 27, naye Huggins miaka 51. Bibi huyu alipenda nyota na upigaji picha tangu zamani. Wakafanya kazi bega kwa bega kwa miaka 35, wakipiga picha za nuru ya nyota katika vipande vya kioo vilivyopakwa dawa. Mwaka 1899 walitoa pamoja kitabu kikubwa cha picha hizo. Walikuwa na mbwa mkubwa aitwaye Kepler, ambaye wageni walichekeshwa naye kwa kuwa alijibu hesabu kwa kubweka. Heshima nazo zikaja: Huggins alipewa cheo cha Sir mwaka 1897, na tangu 1900 hata 1905 alikuwa Rais wa Royal Society. Yule mwuza hariri asiye na shahada aliwaongoza maprofesa. Alifariki tarehe 12 Mei, 1910, na mkewe akamfuata mwaka 1915.

Basi turudi kwenye kichujio chetu. Mistari ile aliyoichunguza Huggins ndiyo ituongozayo. Nebula za gesi hung'aa hasa katika wekundu wa haidrojeni, penye nanomita 656, na katika kijani cha oksijeni, penye nanomita 501. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Taa za mji na mbalamwezi hutoa mwanga katika sehemu nyingi zaidi. Kichujio kikiacha madirisha mawili tu, moja la haidrojeni na moja la oksijeni, nebula itapita karibu yote, na sehemu kubwa ya mwanga wa taa itabaki nje.

Kamera ya rangi inafaa sana kwa kichujio cha namna hii. Juu ya kihisi chake kuna vijiraba vidogo vya rangi, na katika kila vinne, kimoja ni chekundu, viwili kijani, na kimoja buluu. Haidrojeni huingia katika chekundu, na oksijeni katika kijani na buluu. Kwa hiyo picha moja hukusanya gesi mbili kwa mara moja. Kama tungenunua kichujio cha haidrojeni peke yake, vijiraba vitatu katika kila vinne vingekaa karibu bure. Tena salfa hung'aa penye nanomita 672, nayo ni nyekundu vile vile. Ikipitishwa pamoja na haidrojeni, kamera ya rangi haiwezi kuzitenganisha.

Mwenzetu mmoja alisema tununue kilicho chembamba kabisa, cha nanomita 3 kwa kila dirisha. Ni kweli kwamba dirisha likiwa jembamba, anga huwa jeusi zaidi. Lakini darubini yenye kukusanya nuru kwa pembe pana huifanya nuru ipite kichujioni kwa mshazari, na dirisha husogea kidogo kuelekea buluu. Likiwa jembamba mno, mstari wenyewe unaweza kubaki nje, na mnunuzi amelipia giza. Pia kamera nyingi za dukani zina kioo ndani kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni. Mwenye kamera hiyo ashughulikie kioo hicho kabla ya kununua kichujio. Na jambo la hatari: vichujio hivi si vya kutazamia jua hata kidogo. Atakayejaribu atapoteza macho.

Na wale waliotaka picha ya Andromeda? Jibu lao alikwisha litoa Huggins. Andromeda ni nyota tupu kwa wingi wake, na nuru yake ni mkanda mzima wa rangi. Ukiiwekea madirisha mawili membamba, unaitupa karibu nuru yake yote. Kwa kitu kama hicho dawa ni kuvua kichujio na kwenda mahali penye giza, mbali na taa, na kwetu mahali hapo si mbali: ni nyuma ya kilima cha shamba la shule.

Chama kikaamua hivi: kununua kichujio cha madirisha mawili, chenye upana wa nanomita 7, na kukitumia kwa nebula za gesi peke yake. Kila mwanachama atakayeomba darubini ataandika kwanza daftarini kama kitu anachotaka kukipiga picha ni cha gesi au ni cha nyota. Asiyejua hapewi mpaka asome.

Wanafunzi wa zamani, ahsanteni kwa darubini. Picha ya kwanza ya Orion tutaileta katika toleo lijalo, mvua ikituruhusu. Nanyi wenzangu, msione haya kuanzia dukani. Huggins alianzia huko.