Amundsen na Mbwa Wake

Roald Amundsen hutajwa kwa jambo moja tu: ndiye aliyeongoza watu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Ni kweli. Lakini mimi ninayefuga mbwa nyumbani nilivutiwa na jambo jingine kabisa, yaani jinsi alivyowakinga mbwa wake na baridi. Na baridi ya huko, jamani! Hii yetu ya Julai ni cha mtoto.

Alizaliwa Norwe mwaka wa 1872. Mamake alitaka awe daktari, lakini mama alipoaga dunia, kijana akayatupa masomo ya udaktari akawa baharia. Kuanzia 1903 alikaa miaka miwili kaskazini mwa Kanada, jirani na Wainuiti. Wazungu wengi wa siku hizo waliwadharau watu hao. Yeye aliketi akafundishwa kuvaa ngozi za wanyama na kuendesha mbwa wanaovuta sleji, yale magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji.

Mwaka wa 1910 akapakia mbwa 97 wa Greenland katika meli iitwayo Fram. Sasa hebu fikiria: mbwa wa barafu kupitishwa kwenye joto la ikweta! Akatandika mbao juu ya sitaha ili maji yapite chini na miguu yao ibaki mikavu, kisha akatandaza maturubai wapate kivuli. Kumbe nao walikuwa wakizaana tu. Walipofika Antaktika Januari 1911 walikuwa 116.

Huko jua lilizama mwezi wa Aprili, likaonekana tena Agosti. Mbwa walipewa mahema yao makubwa, sakafu zikachimbwa chini ndani ya theluji upepo usiwafikie. Walishiba nyama ya sili. Asubuhi walifunguliwa wazurure, jioni wakafungwa. Mwingereza Scott, aliyeshindana naye, alitegemea zaidi farasi. Farasi hutoka jasho mwilini, na jasho huganda likawa barafu. Mbwa hatoki jasho hivyo. Hujikunja, akafunika pua kwa mkia, akalala.

Hata hivyo Amundsen naye alikosea. Kwa pupa ya kumtangulia Scott, aliondoka Septemba 1911 kabla baridi haijapungua. Ikashuka hadi nyuzi 56 chini ya sufuri. Miguu ya mbwa ikaumia kwa baridi, wengine wakafa, msafara ukarudi mbio kambini. Hapo mimi simtetei, maana aliyajua yote haya.

Oktoba akaondoka tena, watu watano na mbwa 52. Sasa nafika mahali paliponikwaza. Mwezi wa Novemba, baada ya mbwa kuvuta mizigo hadi juu ya milima, 24 walipigwa risasi, wakaliwa na wenzao na hata na watu. Haikuwa ajali. Amundsen alikuwa amepiga hesabu hiyo mapema. Jioni hiyo alikuwa hemani akishughulika na stovu haraka haraka, ili mvumo wake uzibe milio ya bunduki. Mtu asiyejali angehitaji kelele za stovu za nini? Na anayejali, mbona asiibadilishe hesabu yake? Nimelifikiria sana swali hili na bado linanisumbua.

Desemba 14, 1911 wakafika nchani. Januari 25, 1912 wakarejea kambini, watu wote watano wazima, mbwa 11. Scott alifika nchani Januari 17, naye pamoja na wenzake wanne wakafia njiani wakirudi.

Amundsen hakuoa. Mwezi wa Juni 1928 alipanda ndege kwenda kumtafuta Mwitaliano Nobile, ambaye chombo chake cha angani kilikuwa kimeanguka kwenye barafu ya kaskazini. Nobile aliokolewa. Amundsen hakuonekana tena, na mwili wake haujapatikana mpaka leo.