Bibi Martha na Tandiko la Mti wa Kahawa

1. Ziwa na jina lake

Ndugu msomaji, ziwa letu unalijua vizuri. Unateka maji yake. Unakula sato na dagaa wake. Wazee wetu waliliita Nyanza. Wajaluo wanaliita Nam Lolwe, na Waganda wanaliita Nalubaale.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza mmoja, John Speke, alifika karibu na Mwanza na kuliona ziwa hili. Akalipa jina la malkia wake, Victoria. Jina hilo likaandikwa katika ramani, na mpaka leo limo humo.

Malkia Victoria mwenyewe hakuwahi kufika hapa. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja Mwafrika aliyesafiri mpaka kwa Malkia. Mwanamke huyo alizaliwa mtumwa. Hakuwa tajiri. Zawadi yake ilikuwa tandiko la kitanda, ambalo alilishona mwenyewe nyumbani kwake. Jina lake lilikuwa Martha Ann Ricks. Sasa soma habari za maisha yake.

2. Mtoto wa mtumwa

Martha alizaliwa karibu mwaka 1817 katika jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Wakati huo watu weusi wengi wa huko walikuwa watumwa. Babu zao walikuwa wamechukuliwa Afrika kwa nguvu. Wewe umesikia jinsi watu wa bara letu walivyofungwa minyororo na kupelekwa Bagamoyo na Unguja. Huko Afrika ya Magharibi mambo yalikuwa hayo hayo, na merikebu ziliwavusha watu mpaka Marekani.

Baba yake Martha aliitwa George Erskine. Yeye alikombolewa kwa msaada wa mchungaji mmoja. Akasoma, na baadaye akawa mhubiri. Lakini mke wake na watoto wake walikuwa bado mali ya watu wengine. Basi Erskine alikwenda mji hata mji, akihubiri na kuomba michango. Alipopata fedha za kutosha, akawanunua.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu anahesabu fedha mezani ili apewe watoto wake mwenyewe, kama anunuaye ng'ombe mnadani. Martha aliyaona mambo hayo angali mtoto. Alijua uhuru ni nini, kwa maana bei yake ilijulikana.

3. Nchi mpya na homa

Mwaka 1830 jamaa yote ya Erskine ilipanda merikebu kwenda Liberia, katika pwani ya magharibi ya Afrika. Chama kimoja cha Marekani kilikuwa kimepata ardhi huko ili watu weusi walio huru wapelekwe. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo wageni na wenyeji waligombana mara nyingi, na kwa miaka mingi wageni waliwatawala wenyeji bila usawa. Jambo hilo nalo ni sehemu ya historia, wala si vizuri kulificha.

Martha alikuwa na umri wa miaka kama 13. Alifika Afrika akiwa na baba, mama na ndugu zake. Haukupita muda mrefu homa ikaingia nyumbani. Baba akafa. Katika muda wa mwaka mmoja hivi wengi wa jamaa yake walikuwa wamezikwa.

Homa iliyowaua wageni wengi huko Liberia ni malaria. Siku hizo watu hawakujua inatoka wapi. Walidhani inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipogundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunayo elimu hiyo, na vyandarua tunavyo. Martha na wenzake hawakuwa na bahati hiyo.

Msichana huyo alipona. Akakua, akalima, akaolewa. Mume wake wa kwanza alifariki. Baadaye aliolewa na Henry Ricks. Walikaa Clay-Ashland, kando ya Mto St. Paul. Nchi hiyo ya mtoni ilisifika kwa kilimo cha kahawa.

4. Nia ya miaka 50

Tarehe 26 Julai 1847 Liberia ilitangaza kuwa jamhuri. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuikubali. Tena, meli za kivita za Waingereza zilikuwa zikizunguka katika pwani hiyo ili kukamata meli zilizobeba watumwa. Victoria ndiye aliyekuwa malkia wa Uingereza tangu mwaka 1837.

Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza ya kukataza biashara ya watumwa ilipitishwa mwaka 1807, kabla Victoria hajazaliwa. Ni kweli pia kwamba watumwa wenyewe walipigania uhuru wao kwa kila njia. Lakini Martha alizijua meli zile na alijua ni za nani. Moyoni mwake alimhesabu Malkia kuwa rafiki wa watu waliotoka utumwani. Akaweka nia ya kwenda kumwona na kumshukuru.

Mkulima wa Liberia atafikaje Uingereza? Nauli ya meli ni kubwa, na njia ni ndefu. Martha alianza kuweka akiba, sarafu moja moja. Mwaka ukipita, aliongeza kidogo. Aliendelea hivyo kwa muda wa miaka kama 50. Nywele zikawa nyeupe, lakini nia haikubadilika.

Pamoja na akiba, alitaka zawadi. Malkia ana dhahabu na ana hariri. Utampa kitu gani ambacho hana? Bibi Martha alichagua kumpa kazi ya mikono yake.

5. Kazi ya sindano

Huko Marekani wanawake wengi walikuwa wakishona matandiko ya viraka. Wanawake watumwa nao waliijua kazi hiyo. Waliohamia Liberia waliuchukua ufundi huo pamoja nao. Tandiko la viraka ni kama blanketi lenye tabaka tatu. Juu kuna kitambaa cha mapambo. Katikati kuna pamba. Chini kuna kitambaa cha kawaida. Mshonaji huzishona tabaka zote tatu pamoja kwa mishono midogo midogo, ili pamba isikusanyike upande mmoja.

Mapambo ya juu hutengenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuunganisha vipande vya nguo mpaka vijae upana wa kitanda. Njia ya pili ni kukata vipande vyenye umbo la kitu, kama jani au ndege, na kuvishona juu ya kitambaa kimoja kikubwa. Bibi Martha alitumia njia ya pili.

Alichukua kitambaa cha satini cheupe. Juu yake akashona mti wa kahawa. Aliupa majani ya kijani yenye ncha, zaidi ya 300. Kati ya majani akaweka buni nyekundu zilizoiva. Mtu wa Bukoba angelitambua tandiko hilo mara moja, kwa maana Wahaya wameijua kahawa tangu zamani, na buni zake huzitafuna. Bibi Martha angekuwa Msukuma, labda angeshona mpamba uliopasuka vitumba.

Sasa fanya hesabu. Kama mtu anashona majani matatu kila jioni, majani 300 yatamchukua jioni 100. Na jani lenye ncha si kazi rahisi. Kila upande lazima pindo likunjwe ndani ili nyuzi zisifumuke. Ukifika kwenye ncha, pindo la kulia na la kushoto yanakutana, na kitambaa kinakuwa kinene. Ukiharakisha, ncha inakuwa butu. Ukitulia, inatoka kali kama ya jani lenyewe.

Lakini kazi hii ina furaha yake. Mchana kazi ya mkulima haina mwisho. Ukimaliza kupalilia, magugu yanaota tena. Ukimaliza kupika, watoto wanaona njaa tena. Bali mshono ulioshonwa jana, leo unaukuta palepale. Kila siku unaona kazi imesogea. Mikono ina shughuli, lakini moyo unapumzika, na mdomo uko huru kuzungumza na jirani. Ndiyo sababu wanawake wa Marekani walipenda kukutana nyumbani kwa mmoja wao na kushona tandiko moja pamoja. Sisi nasi tunajua utamu huo. Akina mama wanaosuka ukili au kufuma vitambaa chini ya mwembe wanaweza kukueleza.

6. Safari ya Uingereza

Mwaka 1892 Bibi Martha alikuwa na umri wa miaka kama 75. Tandiko lilikuwa tayari. Akapanda meli kwenda Uingereza. Alifuatana na Bibi Jane Roberts, mjane wa rais wa kwanza wa Liberia. Huko London balozi wa Liberia alikuwa Edward Blyden, mwandishi mashuhuri. Yeye alisaidia kuomba ruhusa ya kumwona Malkia.

Ruhusa ilipatikana. Tarehe 16 Julai 1892 walikwenda kwenye jumba la kifalme la Windsor. Malkia alikuwa na umri wa miaka 73. Aliwapokea wageni wake na kupeana nao mikono. Basi wazee wawili wakatazamana. Mmoja alizaliwa katika jumba la kifalme. Mwingine alizaliwa akiwa mali ya mtu. Jina la mmoja lilikuwa limeandikwa juu ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Mwingine alikuwa ameandika habari zake kwa sindano na uzi.

Malkia aliandika habari za ziara hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Magazeti ya Uingereza nayo yalieleza habari za bibi huyo kutoka Liberia. Mwaka uliofuata, 1893, tandiko la mti wa kahawa lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Maana yake ni kwamba lilifika Marekani, nchi ambayo mshonaji wake alizaliwa mtumwa. Huko watu walilitazama na kulisifu.

7. Kilichobaki

Bibi Martha alirudi nyumbani Liberia. Alifariki mwaka 1901, mwaka ule ule aliofariki Malkia Victoria. Tandiko lile limepotea. Nguo ni nguo. Huliwa na nondo, huchakaa, husahauliwa katika masanduku. Lakini ufundi haukupotea. Mpaka leo wako wanawake wa Liberia wanaoshona matandiko ya viraka, na habari za mti wa kahawa zinasimuliwa. Bibi Martha hakuwa mtawala wala hakuwa na jeshi. Sisi tunalijua jina lake kwa sababu alishona jani moja, kisha la pili, mpaka yakafika 300.

8. Na wewe je?

Ndugu msomaji, huhitaji satini wala safari ya Uingereza. Tazama nyumbani kwako. Iko kanga iliyochanika katikati, lakini pindo lake bado ni zima. Liko gauni la mtoto aliyekwisha kukua. Omba pia mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani wa sokoni, maana mengi huyatupa.

Fua vitambaa vyote kwanza, ili vile vinavyochuja rangi visiharibu vingine. Kata vipande vya mraba vilivyo sawa, kwa kufuata kipande kimoja cha karatasi ngumu. Viunganishe viwili viwili, kisha mistari, kisha mistari kwa mistari. Tandaza kitambaa cha chini sakafuni, tandaza pamba iliyochambuliwa, na juu yake weka kazi yako. Piga bandi kwa mishono mirefu ili tabaka zisihame. Halafu shona mishono midogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwisho kunja pindo kuzunguka pande zote, na uondoe uzi wa bandi.

Usiku wa baridi wa mwezi wa Julai mtoto wako atalala chini ya tandiko hilo. Atakuonyesha kipande kimoja na kukuuliza kilitoka katika nguo ya nani. Nawe utamwambia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Baba yake Martha alipataje fedha za kuwakomboa watoto wake?
2. Martha aliweka akiba kwa miaka mingapi hivi? Je, wewe unaweka akiba kwa ajili ya jambo gani?
3. Wageni waliohamia Liberia walitafuta uhuru, lakini hawakuwapa wenyeji usawa. Mnafikiri nini juu ya jambo hilo?
4. Kama ungeshona tandiko la kuonyesha kijiji chenu, ungeshona picha ya kitu gani? Kwa nini?
5. Mtu ana vipande vya mraba. Anataka mistari 12, na kila mstari uwe na vipande 9. Anahitaji vipande vingapi?